Waraka kwa Jamaa wa Kibaha na Kisarawe Kuhusu Kunawa Huko Japani

Gari jipya nchini Japani, kabla halijazoea barabara, wakati mwingine hupelekwa kwanza hekaluni, ambako kuhani wa Shinto, dini ya asili ya nchi hiyo, hulipungia onusa, fimbo yenye vishada vya karatasi nyeupe, ili kuliondolea kegare, yaani unajisi usioonekana kwa macho. Ibada hiyo, kuruma-barai, inawahusu moja kwa moja wakazi wa Mailimoja, Kibaha, kwa kuwa daladala nyingi za Hiace zinazobeba abiria hapo zilianza maisha yake Japani. Inawezekana kabisa kwamba gari lililosomewa dua na kufukiziwa ubani Kibaha lilikwisha kupungiwa karatasi huko lilikotoka, na bado konda wake huning'inia mlangoni kama asiye na kinga hata moja.

Kinachomtaabisha zaidi mhamiaji wa Kisarawe aliyeko Japani, hata hivyo, ni temizuya, kibanda chenye hodhi la maji karibu na lango la hekalu, ambako kila mgeni hutakiwa anawe kabla ya kuisogelea kami, nguvu takatifu inayoabudiwa hapo. Maji huchotwa kwa kata yenye mpini mrefu. Mkono wa kushoto huoshwa kwanza, ukafuata wa kulia, kisha maji humiminwa kwenye kiganja cha kushoto na kusukutuliwa, maana kuitia kata mdomoni ni aibu, halafu mkono wa kushoto huoshwa tena, na mwishowe kata husimamishwa wima ili maji yaliyobaki yateremke yaoshe mpini, yote hayo kwa mchoto mmoja. Kwa mtu aliyechapwa chuoni mpaka mkono wa kulia ukajifunza kutangulia wenyewe katika udhu, hatua ya kwanza tu huzusha ugomvi baina ya mikono miwili, na maji huisha kabla ya suluhu, huku wazee wa Kijapani wakisubiri nyuma yake kwa adabu inayouma kuliko bakora ya mwalimu. Wakati wa janga la UVIKO-19 lililoenea kuanzia mwaka 2020, mahekalu mengi yaliondoa kata na kuweka mianzi inayochuruzisha maji, na kwingine maji hutoka yenyewe mkono unapokaribia, jambo ambalo jamaa wa Kibaha, wanaoona maji ya mto Ruvu yakipita kwao kwenda Dar es Salaam, wana haki ya kutoliamini.

Chimbuko la kunawa huko limo katika Kojiki, kitabu cha mwaka 712, ambamo mungu Izanagi, akitoka kuzimu alikomfuata mkewe, alikoga mtoni kujitoa uchafu wa mauti. Mzaramo wa Kisarawe hashangazwi na hilo, kwani naye humwogesha mwali kabla ya kumtoa nje, ila hekaluni hakuna anayepiga kigelegele, na mtu wa Kisarawe hubaki akitazama huku na huku asijue kama shughuli imekwisha au haijaanza.

Juni 30 na Desemba 31 hufanyika oharae, utakaso mkuu, ambapo mtu huandika jina na umri wake kwenye hitogata, kikaratasi chenye umbo la binadamu, akajipangusa nacho mwilini na kukipulizia, kisha hekalu hukichoma au kukipeleka majini pamoja na unajisi wa nusu mwaka. Kwa kuwa mahekalu mengi hupokea vikaratasi hivyo kwa posta, wajomba wanaogombania mikorosho tangu matanga ya babu wanashauriwa wamtumie mwandishi wa waraka huu majina mapema, na mashangazi watume umri wa kweli. Sadaka italipwa huku huku, na kinachotakiwa kuambatanishwa ni korosho za kukaanga, ambazo hazimo katika kanuni yoyote ya Shinto ila mpokeaji amezikosa mno.