Bahari Isiyojaa Wala Kupwa

Kwa Mjomba, na Shangazi, na jamaa wote mnaokaa barazani baada ya alasiri. Huku Berlin hakuna jambo jipya ila hili moja, kwamba juzi usiku wa manane, nikiwa katika usingizi wa pono, bahari ilinipigia simu.

Najua Mjomba atavua miwani na kuuliza kama baridi ya Ulaya imeniingia kichwani; basi nawaomba mnisikilize kwa utaratibu. Mzee mwenye nyumba hii ninamopanga chumba cha juu, ambaye umri wake wote wa kazi aliumaliza akiendesha treni, na ambaye hajapata kukaa pwani hata msimu mmoja, amejijengea bahari sebuleni. Sisemi bakuli la samaki. Nasema sanduku la kioo lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 1 na robo, na kina cha sentimita 80, ambamo mmemiminwa lita zipatazo 4,000 za maji ya chumvi, na ndani ya maji mna mwamba, na juu ya mwamba matumbawe yaliyo hai, na baina ya matumbawe samaki wa kila rangi aliyoiumba Mola. Sasa yeye na bibi yake wamesafiri kwenda Misri kwa mapumziko, nanyi mkitaka kujua wamefuata nini huko, wamekwenda kutazama matumbawe ya Bahari ya Shamu. Wameiacha bahari waliyo nayo ndani ya nyumba wakaenda kulipia nyingine, na hii wakanikabidhi mimi, kwa hoja kwamba mtu wa Nungwi, mwana wa mvuvi na mjukuu wa fundi wa majahazi, bila shaka elimu ya bahari imo damuni mwake. Kwamba mwana huyo wa mvuvi alikuwa akitapika kabla ngalawa haijatweka tanga, na kwamba ni baba mwenyewe aliyeshauri kijana huyu akasomee hesabu, hayo sikuona haja ya kuyatangaza; heshima ya kuitwa mjuzi haikataliwi ugenini, hasa ikifuatana na msamaha wa nusu ya kodi.

Basi ukutani kuna kijisanduku cha umeme chenye vipimo vilivyotumbukizwa majini, kimoja cha joto, kimoja cha uchachu, kimoja cha ujazo, nacho kikiona lolote lisilokiridhisha huipigia simu ya mtu aliyepewa dhamana. Usiku ule kilinena maneno mawili tu: maji yamepungua. Kwetu mtu akikugongea mlango usiku wa manane akakwambia maji yamepungua, utamjibu ndiyo, yamekupwa, kalale. Huku nikateremka ngazi mbio bila viatu, kwani maji ya bahari hii hugeuka mvuke kila siku, na chumvi isiyojua kuwa mvuke hubaki nyuma ikizidi ukali, kwa hiyo pana mtambo wa kurudishia maji matamu kadiri ya yale yaliyokwenda, nao huyatambua maji kwa kijicho kidogo cha kioo. Juu ya kijicho hicho alikuwa ameketi konokono. Mtambo ukimwona konokono huona maji, na ukiona maji hunyamaza, na bahari nzima ikawa inakauka polepole kwa ajili ya starehe ya mdudu mmoja. Nikamwondoa kwa kijiko, nikarudi kulala nikijiona nahodha.

Mambo ya maji hapa yana utaratibu ambao akili yangu bado haijaukubali. Maji ya bomba ya Berlin yana ugumu mwingi, hata birika hufanya ukoko mweupe. Basi mzee huyasukuma kwa nguvu kupitia utando mwembamba mno, unaoyanyang'anya kila kitu yaliyokuwa nacho, hata yakawa maji matupu yasiyo na ladha wala nasaba. Yakishafilisika hivyo, huyarudishia chumvi kutoka mfukoni, gramu 35 kwa kila lita. Kila abadilishapo sehemu moja katika kumi ya bahari yake, yaani lita 400, chumvi inayotumika ni kilo 14. Nilimwuliza kwa adabu kwa nini asiende kuteka baharini. Akanijibu kwamba bahari iliyo karibu iko mwendo wa takriban kilomita 200 upande wa kaskazini, na fauka ya hayo haina chumvi ya kutosha, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu ile bahari yao ya Baltiki hulishwa na mito mingi na mlango wake ni mwembamba. Mnaona wenyewe: nchi ya viwanda vyote hivi, na bahari yake imepungukiwa na chumvi.

Lakini mtambo ulionishinda kuuelewa kwa muda mrefu, na ambao sasa ndio rafiki yangu, ni ule wa kukamua povu. Huu umesimama chini ya nyumba, katika chumba kilichokuwa cha viazi na baiskeli, nao ni bomba pana lenye shingo iliyopanda hadi kwenye kikombe kikubwa. Pampu yake husaga hewa na maji pamoja, hata bomba likajaa mapovu madogo meupe mfano wa maziwa, na kila povu lipandapo hukwea na taka iliyojishikiza kwenye ngozi yake, mabaki ya chakula, kamasi za samaki, uchafu wa matumbawe, mpaka likafika shingoni likawa zito, likamwagika kikombeni. Hakuna dawa iliyotiwa wala chujio. Ni hewa tupu inayotoa uchafu katika maji. Nilipoelezwa nikakumbuka povu linalotupwa ufukweni wakati wa kusi, lile tulilokuwa tukilipiga mateke utotoni, nikatambua kwamba bahari yetu imekuwa ikijikamua yenyewe tangu enzi za Nuhu, na sisi hatukuuliza.

Walakini kikombe chapaswa kumwagwa, na mwenye kukimwaga ni mimi. Kinachotoka humo ni maji ya rangi ya kahawa iliyolala, yenye harufu ambayo kwa taadhima ya Shangazi sitaieleza, ila nitasema kwamba siku moja nilichelewa kidogo kukimwaga, na mtu wa posta alipofika mlangoni akaacha barua chini akaenda zake bila ya kuaga. Mzee kabla ya kusafiri alinishika bega akaniambia kwamba kadiri ya uvundo ndiyo kadiri ya kheri, maana huo uvundo ulikuwa majini na sasa haumo. Sijapata kusikia mtu akiusifia uvundo kwa macho ya machozi kama yale.

Mjomba, wewe uliyepanga magogo na mawe ya matumbawe kwenye tanuu mpaka mgongo ukapinda, hili nakuandikia wewe peke yako. Sisi huvunja mwamba tukauchoma ili tupate chokaa ya kujengea. Huyu mzee hununua chokaa, akaikoroga katika maji matamu, akaacha itulie, kisha yale maji maangavu ya juu akayatona tone moja moja usiku ndani ya bahari yake, ili matumbawe yapate kujijengea mwamba. Elimu hii ya maji ya chokaa waliieneza Wajerumani wenyewe, na Peter Wilkens hutajwa kuwa mwalimu wao; na desturi ya kuweka mawe hai, na kikamua povu, na taa kali, mpaka leo huitwa njia ya Berlin, kwa kuwa wapenzi wa mji huu ndio walioishika wakaitangaza. Lau tungekuweka wewe na mzee huyu katika ua mmoja, kazi ya huyu ingeifuta ya yule kila siku, na kusingebaki kitu ila ankara ya umeme.

Mzee mwenyewe ni muungwana, haoni haya kusema kwamba kabla ya Wajerumani alikuwako mtu wa Jakarta, Lee Chin Eng, ambaye mwaka 1961 alieleza jinsi alivyofuga bahari kwa mawe hai na viputo vya hewa tu. Nikamwambia mtu wa Jakarta bahari ilikuwa mlangoni. Akakubali, akashusha pumzi.

Sasa sikilizeni sheria. Katika nchi hii, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na siku ya Jumapili kutwa, haifai kumsumbua jirani kwa kelele, na bahari haikusamehewa. Maji yakishuka kwa bomba kutoka sebuleni kwenda chini hugugumia, na jirani wa ukuta wa pili, mwenye masikio yanayosikia unyasi ukiota, alikwisha leta barua. Mzee akafunga koki juu ya koki, akalipunguza bomba na kuliongeza, mpaka maji yakajifunza kushuka kimya. Mimi niliyelelewa kati ya nyundo za mafundi wa majahazi, na majogoo, na adhana, na mawimbi ya kaskazi yanayopiga mpaka dirishani, nimeishi kuona bahari ikipewa saa ya kunyamaza.

Na jua nalo lina ratiba yake. Matumbawe yamehifadhi ndani ya mnofu wao vijimwani vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyowapikia chakula kwa mwanga, kwa hiyo taa za samawati hung'aa juu ya maji muda wa saa kumi na mbili. Ila mzee alipokuwa akifanya kazi alirudi nyumbani jioni, akataka aikute bahari yake mchana, basi jua la humu huchomoza saa nne asubuhi na kutua saa nne usiku, na hata alipostaafu halikurudishwa. Saa yetu ya Kiswahili, ambayo Wajerumani nimewaeleza hata nikakauka koo, humu ndani haifai kitu. Saa moja ya samaki hawa ni saa tano yangu. Nje sasa ni mwezi wa Novemba, saa kumi za jioni giza limeanza kuingia, na nyumba yote ina jua moja, nalo liko sebuleni.

Jambo moja tu niliona limepungua, nikamwuliza: maji hujaa na kupwa saa ngapi? Hayajai wala hayapwi. Nikamweleza habari za bamvua na maji mafu, na jinsi kina mama wanavyotoka na vikapu maji yakitoka, na kwamba kwetu bamvua likiwa kubwa maji hupanda takriban mita 4. Hakunijibu. Aliitazama dari. Bibi yake, ambaye chumba cha kulia amekwisha kipoteza, na ambaye alishuhudia mhandisi akitia nguzo za chuma chini ya nyumba kwa sababu sakafu za huku hukadiriwa kubeba kilo 150 au 200 kwa mita ya mraba, ilhali maji ya kina cha sentimita 80 ni kilo 800 kabla hujahesabu jiwe, bibi huyo alisema neno moja la Kijerumani ambalo hata mgeni wa siku mbili hulielewa, na bamvua likaishia hapo.

Katika samaki yumo kangaja wa samawati aliyevuliwa Kenya, akaja kwa ndege ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa oksijeni. Mimi mpakani niliulizwa kama nauli ya kurudi ninayo. Yeye alipimwa joto la maji. Wamo wale wadogo wa rangi ya chungwa wakaao ndani ya kiumbe chenye mikono mingi: mkubwa ni mke, mdogo ni mume, na mke akifa mume hugeuka mke akaolewa na kijana, jambo ambalo msilisome mbele ya Maalim mpaka awe ameketi. Na yumo tasi. Ndiyo, tasi, wa jamii yetu ile ile, miiba ile ile ya sumu, ameajiriwa kula mwani unaoota juu ya mawe. Nilipomwona mara ya kwanza mate yalinijaa, nikauliza, kwa nia njema kabisa, huku mnamkaanga kwa ndimu au kwa ukwaju. Nilitajiwa bei yake, nikaomba msamaha kwa samaki.

Matumbawe yenyewe hayanunuliwi tu. Yale magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo yakija kutoka ng'ambo huja na vyeti, na mzee huviweka katika jalada safi kuliko lile la ndoa yake. Lakini wapenzi wenyewe kwa wenyewe hukatiana vipande kwa msumeno na kuvigandisha kwa gundi juu ya jiwe, kama tunavyopeana mbegu za muhogo, na kipande huota kikawa kichaka. Na kazi yangu ya kila asubuhi ni kutona dawa katika kichupa cha maji ya bahari hii mpaka rangi ya samawati igeuke manjano, kila tone daraja moja ya ugumu, daraja ya Kijerumani, kwani hata ukali wa maji watu hawa wameupa uraia. Nimekwisha jizoeza kuamka nikiwaza, zitakuwa saba au nane?

Jioni nikimaliza hushuka na chai kwenye chumba cha mitambo. Mna joto humo, na unyevu, na chumvi imefanya ukoko kwenye mabomba, na kikombe kikiwa safi hewa inanukia Nungwi wakati wa maji kutoka. Hukaa mpaka chai ikapoa. Baba akiuliza, mwambieni nafanya hesabu.

Jana mzee alipiga simu kutoka Misri kusema mwezi wa Januari wanataka kuja kwetu. Basi nawaomba sana. Mpelekeni kwanza Mnarani, kwenye lile ziwa la kasa, maji yakiwa yanajaa, aone bahari inavyojibadilishia maji bila ya mfuko wa chumvi. Mjomba asimwoneshe tanuu. Mkimkuta ameinama ufukweni na kichupa, akihesabu matone, msimcheke, na akitaja nane semeni Alhamdulillahi. Tasi msimkaangie kabla ya siku ya tatu, na bei yake ya Berlin msimwulize, maana mkiisikia hamtamla tena.