Vijiji Kumi na Moja kwa Siku Mbili? Mnakwenda Kugawa Barua?

Nisikilizeni jamani. Mtu akikuletea mpango wa kwenda kupumzika mashambani Uingereza, siku mbili, vijiji kumi na moja, usihangaike kumjibu. Msonye kwanza, mfyuuu, halafu muulize ameajiriwa lini na posta.

Maana ndicho alichotuletea shemeji Jumamosi, hapa hapa kwa kinyozi, Oxford Road, Reading. Wiki nzima alikuwa na simu yake anaangalia video za mabinti wanaozunguka na magauni mbele ya nyumba za mawe. Matokeo yake ni ratiba: Burford, Bibury, Castle Combe, Bourton-on-the-Water, Stow, Broadway, na vingine ambavyo hata kuvitamka alikuwa anabahatisha. Jumapili Stratford-upon-Avon, kwa Shakespeare, halafu “tukipata nafasi” tupitie Stonehenge. Tukipata nafasi! Stratford iko juu kule kaskazini, Stonehenge iko chini karibu na Salisbury. Mwenye nafasi hiyo ana helikopta.

Mzee wetu, dereva wa basi mstaafu, aliisoma ratiba ile mpaka mwisho, akashusha miwani puani. “Shemeji, humu umeandika barabara. Matembezi yako wapi?”

Kijiwe kikalipuka. Lakini mzee alikuwa na hoja. Watu wanaisikia Cotswolds, kwenye vijiji hivyo, wanadhani ni kamji fulani, unashuka kituoni, unapiga picha, umemaliza. Ile ni nchi ya vilima yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,000, inaanzia huku karibu na Bath inapanda mpaka mlangoni mwa Stratford. Kuna njia ya kutembea kwa miguu, Cotswold Way, kutoka Chipping Campden hadi Bath, kilomita 164. Wenyewe wanaitembea wiki nzima na zaidi. Wewe unataka kuimaliza kati ya staftahi na chakula cha jioni.

Na tatizo si umbali tu, ni barabara zenyewe. Mkishaacha njia kuu mnaingia vichochoro vya upana wa gari moja na nusu. Kushoto ua wa miti, kulia ua wa miti, mbele kona, na nyuma ya kona trekta. Sheria inaweza kukuruhusu maili 60 kwa saa, lakini ukimwona anayekwenda 60 pale, ama ni mwenyeji ama hana akili nzuri. Mkikutana uso kwa uso, aliye karibu na sehemu iliyotanuliwa ndiye anarudi nyuma, na rivasi hiyo mtaipiga mbele ya hadhira. Aliyepishwa anainua kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Hapungi mkono wala hapigi honi, ni kidole tu, kama inchi mbili hivi. Hiyo ndiyo asante ya kule. Usipoinua, umeshasengenywa baa kabla hujafika kijijini.

Dogo mmoja wa kijiweni akaruka: basi si tukodi gari, hata mama mdogo akija kutoka Dar anaweza kuendesha, tunashika kushoto wote. Ni kweli, leseni ya nyumbani mgeni anaruhusiwa kuitumia hapa mpaka miezi 12. Ila dogo hajawahi kuzungushwa na hawa wakodishaji. Gari la gia za kujiendea huwa ghali kuliko la kubadilisha kwa mkono. Dhamana wanataka kuizuia kwenye kadi ya mkopo, na wengi hapa kijiweni kadi waliyonayo ni ya pesa zao wenyewe, tena chache. Halafu ofisi nyingi za miji midogo zinafunga Jumamosi mchana na Jumapili hazifungui kabisa. Utalilea gari la watu mpaka Jumatatu, na siku inahesabiwa.

Sasa turudi kwenye vijiji vyenyewe, maana wengine mnaviona vizuri tu bila kujua vimekuwaje hivyo. Kondoo, ndugu zangu. Zama za kati sufu ya Cotswolds ilikuwa ikiuzwa mpaka Flanders na Italia, na matajiri wa sufu wakajenga makanisa makubwa kupita kiasi kwa vijiji vile. Nendeni Northleach au Chipping Campden mkajionee. Mpaka leo spika wa Baraza la Mabwana kule London anakalia mto mwekundu uliojazwa sufu, kukumbushana hela ilikotoka. Kisha zikaja mashine za mvuke, viwanda vikafuata makaa ya mawe kaskazini, hela ikahama. Hakubaki tajiri wa kubomoa na kujenga upya. Kwa hiyo hicho mnachokipanga foleni kukipiga picha ni ukata uliozeeka vizuri.

Bibury ndiyo inayonikera, na si kosa la Bibury. Ile safu ya nyumba, Arlington Row, ilianza kama ghala la sufu karne ya 14, na karne ya 17 ikageuzwa nyumba za wafumaji. Leo ni mali ya shirika la hifadhi, National Trust, na mle ndani kuna wapangaji. Watu wazima, wana mashuka ya kuanika! Mtu anafungua mlango atoe takataka anakuta kundi limejipanga kwenye kizingiti chake, mmoja kachungulia dirishani. Sisi tuliofundwa kupiga hodi hatua tatu kabla ya mlango, tukifika kule tunasahau? Dada wa Mombasa, mwenzetu wa kijiweni, alisema kweli: ukitaka kujua mtu kalelewa vipi, mpeleke mahali penye nyumba nzuri ya mwingine.

Bourton je? Bourton nzuri. Mto Windrush unapita katikati ya kijiji, hauzidi magoti, madaraja ya mawe ya chini, watoto wamo majini hata maji yawe baridi ya kuuma mifupa. Nyuma ya baa moja kuna kijiji kidogo cha mawe, mfano wa Bourton yenyewe kwa kipimo cha moja ya tisa, kilifunguliwa 1937. Unatembea barabarani paa zinakufika kiunoni. Ukifika mahali ambapo kile kijiji cha mfano kingepaswa kuwa, kipo, kidogo zaidi. Na ndani ya hicho kipo kingine. Na ukipiga magoti utaona na kingine. Kinyozi aliwahi kwenda na binti yake, anasema walitaka kufungiwa geti wakiwa bado wamechuchumaa.

Shida ya Bourton ni kuanzia katikati ya asubuhi hadi alasiri, mabasi ya watalii yanapomwaga watu. Na hapo ndipo ninapotaka kuwaambia neno moja. Raha ya kijiji kile ni ya anayelala pale. Jioni mabasi yakiondoka, mto unarudi kwa wenyewe na mabata. Asubuhi vilevile, kabla hawajaja. Anayekwenda na kurudi siku hiyohiyo anaonja foleni ya choo na aiskrimu, basi. Ndiyo maana nasema chagueni kijiji kimoja, mlale usiku mbili, na miguu ifanye kazi iliyobaki.

Maana miguu kule ina haki. Hili wageni wengi hawalijui, wanakaa barabarani kwa woga wa kupigiwa kelele. Njia ya umma ikikatiza shamba la mtu, unapita, na hiyo si hisani yake. Tafuta kibao chenye mshale: wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu unawaruhusu na farasi na baiskeli. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Ng'ombe mwenye ndama mpishe mbali. Chukueni ramani ya Ordnance Survey, ile ya jalada la machungwa, ina kila uzio na kila kisima. Simu kwenye mabonde yale mtandao unakata mnapouhitaji.

Na msidhani haki zile zilianguka na mvua. Huko Peak District, Aprili 1932, vijana wa viwandani Manchester walipanda mlima Kinder Scout kwa makusudi, ardhi ikiwa imefungwa kwa ajili ya mabwana wawinda ndege. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20, fundi. Watano walifungwa, yeye miezi minne, kwa makosa ya vurugu baada ya kuzozana na walinzi. Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani, na 1951 Peak District hiyo hiyo ikawa hifadhi ya kwanza. Kwa hiyo ukikaziwa macho na mtu kwenye kijiji ambacho watu wa rangi yako ni wewe na shemeji tu, na mtakaziwa, sema habari za asubuhi kwa sauti na uendelee. Mara nyingi atakuuliza kama mvua itanyesha. Mjibu kwa undani, hapo mmeshakuwa jamaa.

Kutoka Bourton kuna njia ya kwenda Lower Slaughter, kama kilomita mbili na ushee, kuna kinu cha zamani chenye bomba la moshi la matofali kando ya mto. Sogea mbele kidogo ufike Upper Slaughter, kijiji ambacho vijana wake wote walirudi hai kutoka vita vyote viwili vya dunia. Vijiji vya namna hiyo England vinahesabika. Tembea, kaa kwenye ukuta, rudi. Nusu siku imekwisha na hujapanda gari.

Mzee naye ana lake. Kwao Mwanza, na anataka kupelekwa Neston, upande wa Bath, shambani alikofia Speke. Si mnamjua Speke? Yule aliyeongozwa na akina Sidi Mubarak Bombay, akalifikia ziwa 1858, akalipachika jina la malkia wake, na wasukuma na wakerewe walikuwa wanavua samaki humo tangu mababu. Alitoka salama Tabora, alitoka salama kwenye homa na upofu wa macho, akaja kufa Septemba 15, 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akipanda ukuta wa mawe, kwenye uwindaji wa kware. Kesho yake alitakiwa Bath kubishana na Burton, mwenzake wa safari ile, kuhusu chanzo cha Nile. “Nataka niuone huo ukuta,” mzee anasema, “nijue una urefu gani.” Nimempenda, lakini hiyo ni safari nyingine. Ukiiingiza kwenye hii tumerudi kwenye ratiba ya posta.

Sasa saa. Mashambani saa haina huruma. Mgahawa wa baa unapika mchana mpaka saa nane, nane na nusu, kisha jiko linafungwa mpaka saa kumi na mbili jioni. Ukifika saa tisa na njaa yako utapewa karanga za pakiti. Chumba mtakabidhiwa saa tisa alasiri, na asubuhi ya kuondoka mnatolewa saa nne au tano. Basi la mwisho ni la mwisho kweli, hakuna kondakta wa kuning'inia naye mlangoni, na Jumapili mengi hayapo kabisa. Jua la Desemba linazama saa kumi kasoro. La Juni linakwenda mpaka saa tatu usiku na zaidi. Anayepanga Desemba apange kukaa karibu na moto, asinidanganye kuhusu mandhari.

Dada wa Mombasa aliuliza nyama halali. Usitegemee, dada. Kuna samaki na chipsi, kuna mkate na jibini na kitunguu cha siki, kuna skonzi na chai. Beba chapati na chupa ya chai. Wenyewe wanakula mayai ya kuchemsha kwenye benchi la kanisa katikati ya upepo, sembuse wewe. Na gambuti, tafadhali. Shemeji anataka kwenda na raba nyeupe.

Basi tumekubaliana hivi, baada ya kelele za saa nzima. Juni, Jumatatu hadi Jumatano, kwa sababu wikiendi bei za nyumba za wageni zinapaa. Dada ameomba abadilishiwe shifti hospitali. Treni kutoka hapa Reading mpaka Moreton-in-Marsh, ni saa moja na kitu, na tukiwa watu 3 hadi 9 tukasafiri nje ya muda wa msongamano, tiketi ya kundi inatupunguzia theluthi. Kutoka Moreton basi la 801 linapita Stow mpaka Bourton, na nauli za mabasi mengi England tangu Januari 2025 hazivuki paundi 3 kwa safari.

Dogo atakata tiketi. Mzee amekabidhiwa ramani, na amesharudi nayo nyumbani kuikunjua mezani. Michango itumwe kwa dada, narudia, kwa dada, si kwa kinyozi. Kinyozi bado hajamaliza mahesabu ya harusi ya mwaka jana, na akisoma hapa anajua ninachosema.