Marahaba Kabla ya Shikamoo

Nilipokanyaga tu gati la Valletta, Malta iliniitikia salamu ambayo sikuwa nimeitoa. "Merħba," liliandikwa bango la kwanza. Hatua chache mbele, Merħba nyingine mlangoni mwa duka la lesi. Mimi nimefundisha Kiswahili Morogoro miaka 35. Nikiitikiwa marahaba, nageuka nyuma kutazama ni nani aliyeamkia.

"Wanakukaribisha tu, Mwalimu," akasema mke wangu. "Twende."

Safari ya meli alitulipia binti yetu, zawadi ya kustaafu kwangu. Tulikuwa tunatokea Ugiriki, na karatasi ya ratiba iliyosukumwa chini ya mlango wa chumba chetu ilisema abiria wote wawe wamerudi 16:30. Nikatoa sita kama anavyofanya kila Mtanzania, nikapata saa kumi na nusu jioni, nikaikunja karatasi na kuitia mkobani. Hesabu imekwisha.

Kimalta ni mtoto wa Kiarabu aliyelelewa na majirani wa Sicily na kupelekwa shule ya herufi za Kilatini. Bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, soko ni suq, nyumba ni dar. Nikamwambia mke wangu kwamba mtu aliyetoka nchi yenye Dar es Salaam hapa yuko kwa shangazi yake. Akaniambia basi nimwombe shangazi chai.

Tukaingia mgahawa mdogo unaouza pastizzi, vitafunio vya unga wa matabaka vilivyojazwa jibini laini au njegere zilizopondwa, vya moto, vinavyochuruzika mafuta. Nilitaka viwili. Lakini namba za Kimalta nilizokuwa na hakika nazo ni zile ambazo sisi tuliwakopa Waarabu: sita, saba na tisa. Wao husema sitta, sebgħa, disgħa. Mbili yetu ni ya Kibantu, haina ndugu kule. Kwa hiyo, ili nizungumze Kimalta, nisingeweza kununua chini ya sita.

"Sitta," nikasema kwa kujiamini.

Muuzaji akaniuliza kwa Kiingereza fasaha kama kweli nataka vyote sita. Nikasahau kuwa Kiingereza ni lugha rasmi pale, na kwamba Mwingereza aliiachia Malta uhuru mwaka 1964, mwaka uleule Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, akawaachia pia soketi za matundu matatu na kuendesha gari kushoto. Ningeweza kumjibu kama mtu mzima. Nikarudia: sitta. Tukala viwili, vinne vikaingia mkobani.

Mji wenyewe hauwezi kukupoteza. Mashujaa wa Mtakatifu Yohane walianza kuujenga mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya kuhimili kuzingirwa na jeshi la Waosmani, na mitaa waliinyoosha kama kwa rula. Tatizo ni kwamba rula ilipita juu ya kilima. Mtaa unashuka ngazi, unapanda ngazi, na magoti yangu yakakumbuka tarehe yangu ya kuzaliwa bila kuulizwa.

Kwenye Kanisa la Mtakatifu Yohane, mlinzi aliinamia viatu vya mke wangu, vyenye visigino vyembamba kama misumari, akatikisa kichwa. Sakafu ni makaburi ya mashujaa hao, kama 400, ya marumaru za rangi. Visigino vya namna hiyo vinayatoboa. Mke wangu akafungua mkoba, akatoa kandambili. Zile zile nilizozicheka asubuhi. Hakusema neno, nami nikashukuru.

Ndani kuna mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, Yohane Mbatizaji akikatwa kichwa. Ndiyo kazi pekee aliyoisaini, na saini ameiweka ndani ya damu inayotiririka shingoni. Mimi niliyesahihisha maelfu ya mitihani isiyo na majina nilisimama pale muda mrefu kuliko watalii wote.

Mchana tukawa bustani ya Upper Barrakka, juu ya bandari. Saa sita kamili, askari wenye sare za kale wakafyatua mzinga, njiwa wakatawanyika. Zamani, nikamweleza mke wangu, manahodha walirekebisha saa zao kwa mlio huo.

"Yangu inasema saa saba," akasema.

"Mbovu. Manahodha walirekebisha, sembuse wewe?"

Akairudisha nyuma. Katika ndoa yetu ni nadra anisikilize, na angalia siku aliyoichagua.

Alasiri tulirudi palepale kusubiri mzinga wa saa kumi. Ilikuwa inakaribia kumi kasoro ishirini na tano meli moja bandarini ilipounguruma.

"Mwalimu, ile si yetu?"

"Bado karibu saa nzima."

"Lete karatasi."

Ilikuwa imelala na pastizzi tangu asubuhi, imelowa mafuta hadi inapitisha mwanga. Chini ya 16:30, kwa herufi ndogo, waliandika: saa ya meli. Na meli, ikitokea Ugiriki, ilikuwa bado inaishi Ugiriki, saa moja mbele ya Malta. Zile saa sita za Kiswahili nilizivuka salama. Moja ya Wagiriki ikaniangusha.

Kuna lifti ya mita 58 inayoshuka kutoka bustanini hadi karibu na gati. Tuliingia tukiwasukuma watu ambao nawaomba radhi hapa. Chini, mke wangu akatimua mbio na kandambili zake, pa-pa-pa-pa, akaniacha mbali na viatu vyangu vya ngozi na mkoba wa mafuta.

Nilifika getini pumzi zimekwisha, nimeinama, mikono magotini. Mbele yangu kijana mlinzi, umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Nilitaka kuomba msamaha kwa Kiingereza. Kilichotoka ni:

"Shikamoo."

Akanitazama kwa huruma, akafungua geti.

"Merħba," akasema.