Ya Pili Hamkuisikia

Nyoo! Eti albamu ya pili ndiyo humuumbua msanii. Aliyesema ni kijana mmoja hapa kijiweni Bwiza, Bujumbura, kofia kisogoni, simu kaitumbukiza kwenye glasi tupu ili sauti itoke kubwa. Anatusomea habari za Avril Lavigne, yule binti wa Kanada mwenye magitaa ya fujo na tai shingoni. Ya kwanza, Let Go ya 2002, moto. Ya pili, Under My Skin ya 2004, wakaguna: binti kanuna, mbona nyimbo zimekuwa na giza? Haya. Lakini hiyo hiyo iliyogunwa iliingia sokoni Marekani na kukalia namba moja. Ewe sha, kama huko ndiko kuumbuka, basi na mimi niumbueni.

Tangu mafuta yaadimike mjini, kijiwe chetu kimejaa maprofesa. Dereva wa teksi ambaye gari lake limelala kwenye foleni ana muda wa kubishia muziki mpaka brosheti zipoe kwenye sahani. Basi nikawatupia swali: huyo wa Kanada mnamjua albamu kwa albamu, na Khadja Nin, mwimbaji wetu wa Burundi, je? Albamu yake ya pili inaitwaje?

Wakatazamana. Mmoja akajikakamua: Sambolera.

Nilisonya msonyo ambao mama muuza ndizi aligeuka akidhani namsonya yeye. Sambolera ni ya 1996, ya tatu hiyo! Ya pili ilitoka 1994, na mwenyewe kawaonea huruma, kaiita Ya Pili. Jibu limeandikwa kwenye jalada na bado mmefeli.

Tuelewane, sisemi Khadja ni mtoto wa avenyu zetu. Baba yake alikuwa mwanadiplomasia. Kazaliwa mjini hapa 1959, enzi pakiitwa Usumbura, kitinda mimba wa watoto wanane. Kapitia Zaire, kisha Ubelgiji, na huko kakutana na Nicolas Fiszman, mpiga gitaa wa Kibelgiji, wakaanza kupika nyimbo pamoja. Kaimba Kirundi, kaimba Kifaransa, na kaimba Kiswahili. Hapo ndipo panaponikuna. Wangapi katika mji huu walitukunjia pua kwa lugha hii, eti ya Buyenzi na Bwiza, ya madereva na wachuuzi? Lugha hiyo hiyo kampuni ya BMG ikaitia kwenye diski na kuiuza Ulaya, na jina la Kiswahili juu ya jalada. Binti wa mwanadiplomasia!

Ila madukani huko waliipeleka rafu gani? Ya "muziki wa dunia". Rafu hiyo ina historia yake: mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana London wakitafuta jina moja la kuwasaidia wauza maduka, maana hawakujua Mmali wamweke wapi na Mbulgaria wamweke wapi. Wakawafunga wote kwenye kifurushi kimoja. Kana kwamba Madonna yeye anaimbia mwezini.

Kijana wa kofia akauliza, sasa hiyo Ya Pili ilipokelewaje? Swali zuri, lakini ipokelewe na nani? Piga hesabu. Oktoba 1993 Rais Ndadaye kauawa. Aprili 1994 Rais Ntaryamira kafa kwenye ndege iliyotunguliwa Kigali. Machi 1995 moto ukafika Bwiza hii na Buyenzi, majirani wakafukuzana, wengine hawakurudi kamwe. Katikati ya hayo ndipo dada yetu katoa diski. Redio ilifunguliwa kusikiliza nani kafa na barabara ipi imefungwa. Mchambuzi wa muziki angetoka wapi?

Halafu kiangazi cha 1996, televisheni ya Ufaransa TF1 ikaushika wimbo wa Sambolera Mayi Son na kuupigia debe likizo nzima. Wazungu wakacheza ufukweni. Huku kwetu, Julai 25 mwaka huo huo, Buyoya kapindua serikali, na nchi jirani zikatufungia mipaka kwa vikwazo. Wao wanacheza wimbo wa Mrundi, Mrundi anatafuta mafuta. (Dereva wa teksi akacheka peke yake.) Video ya Sina Mali, Sina Deni ikaongozwa na Jeanne Moreau, yule mwigizaji mkubwa wa Kifaransa, na wimbo wenyewe umetoholewa kutoka kwa Stevie Wonder. Ndipo na sisi tukamjua Khadja. Tulimjua kwa kuoneshwa na Wafaransa, na hilo ndilo linalonifanya nisonye, wala si mauzo.

Watu huipokea albamu ya pili kama chai iliyochemshwa kwa majani ya jana: kabla ya kuonja wameshasema haina rangi. Muulizeni Kidum, mwimbaji wetu mwingine. Yaramenje ya 2001 ilimwaga machozi nchi nzima. Shamba ikafuata miaka miwili baadaye. Haya, nani hapa ataniimbia ubeti mmoja? Mnaona. Na Kidum yupo, anaimba, tunakutana naye kwenye harusi za watu wakubwa. Khadja mmemkumbuka tena 2018, mlipomwona Cannes amekaa na majaji wa filamu pamoja na Cate Blanchett. Picha zilizunguka kwenye simu zote za kijiwe hiki, lakini hakuna hata simu moja iliyofunguliwa wimbo.

Kijana kanywea kidogo, kisha kasema, basi mzee tupigie hiyo Ya Pili tuihukumu sasa hivi. Ningeipiga! Kaseti ninayo, yaani nilikuwa nayo, ile ya kurudisha utepe kwa kalamu ya Bic. Kuna mtu kaiazima, na anajijua. Kila Ijumaa anapita hapa akienda Buyenzi kuswali, akifika usawa wa kijiwe anakaza mwendo.