Sifa za Pipa la Kuzungusha Mboji

Pipa la mboji ni chombo cha mviringo kilicholazwa ubavu juu ya fremu ya chuma, kikapitishwa bomba katikati, kikatobolewa matundu ya kupumulia na kuwekewa mlango mmoja wa kulishia. Hulishwa maganda ya ndizi na majani ya kabichi, huzungushwa, na baada ya muda ambao muuzaji huutaja kwa wiki na mnunuzi huuhesabu kwa miezi, hutoa mbolea nyeusi inayovunjika vidoleni. Katika vyombo vyote vya nyumbani hakuna kinachodharauliwa kama hiki, na hakuna kinachostahili heshima zaidi. Jiko husifiwa kwa wali, redio kwa taarabu, friji kwa maji baridi. Pipa hutajwa tu pale jirani anapouliza ni nini kimekufa.

Nasaba yake ni tukufu kuliko watu wanavyodhani. Bibi yake ni jaa. Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyomo katika ngano za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, maskini hupekua jaani akitafuta punje za mtama, akaokota thumuni, akanunua paa, na paa huyo akamfikisha kwenye jumba na binti wa sultani. Wasikilizaji humlilia paa kwa kutoshukuriwa na bwana wake. Jaa, lililotoa mtaji wote, hakuna aliyelililia.

Kwa upande wa babu kuna Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza, ambaye kati ya 1924 na 1931 alifanya kazi Indore, India, na kupanga utaratibu wa biwi la mboji: mabaki ya mimea, samadi, majivu na udongo kwa tabaka, kisha kugeuza kwa tarehe. Howard mwenyewe alikiri kwamba mengi alijifunza kwa wakulima wa huko, na miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya yakauchukua utaratibu huo. Ila kugeuza biwi kwa uma wa shamba ni kazi inayovunja mgongo, na binadamu akichoka hutafuta gurudumu. Miaka hiyo hiyo ya 1930, huko Denmark, lilitokea pipa kubwa la chuma liitwalo Dano, lililozungusha taka za mji kwa mota. Pipa la nyumbani ni mjukuu aliyefilisika wa ukoo huo. Mota yake ni mkono wa mtu, mara nyingi wa yule aliyechelewa kukimbia.

Anayelitaka mjini Morogoro hulitengenezesha. Huchukuliwa pipa la plastiki la bluu la lita 200, fundi wa kuchomelea mageti huunga miguu ya chuma na ekseli ya bomba, mlango hukatwa na kurudishiwa kwa bawaba na komeo, na matundu hupigwa kwa keekee. Pipa lililowahi kubeba viuatilifu halifai hata likioshwa. Lililobeba mafuta ya kula linafaa. Hapo ndipo utukufu wa kwanza unapojidhihirisha, kwani pipa la bluu ni mali adimu katika mji ambao, licha ya kulala chini ya Milima ya Uluguru yenye mito na kuwa na Bwawa la Mindu, bado una mitaa inayosubiri maji kwa mgawo. Kulitoboa matundu pipa lililoweza kuhifadhi maji, ili lihifadhi maganda, ni uamuzi ambao ndugu huujadili kikaoni na mwenye nyumba akaombewa. Hakuna chombo kingine cha uchafu kinachodai sadaka ya namna hiyo siku ya kwanza.

Kwa chakula pipa ni mlaji mstaarabu mwenye masharti ya bibi harusi. Vijidudu vinavyofanya kazi ndani yake hutaka kaboni kati ya sehemu 25 na 30 kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Mabaki ya jikoni peke yake, yaani maganda ya muhogo, majani ya kabichi, machicha ya nazi na makapi ya chai, mara nyingi yana nitrojeni nyingi mno na maji mengi zaidi, kwa hiyo lazima yachanganywe na kitu kikavu: majani makavu ya mwembe, mabua yaliyokatwakatwa, maranda ya seremala, pumba za mpunga. Kitu kikavu hakina bei mpaka pipa linapokihitaji. Hapo mwenye pipa hugundua kwamba maranda yamekwishawekewa oda na wafuga kuku, na kwamba pumba za mpunga zinakwenda kuchomea tofali. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kugombania taka huanza kuamka mapema ili kuwahi gunia la maranda. Kwa upande wa vitu vibichi hakuna upungufu. Kabichi za Mgeta, huko mlimani, huvuliwa majani ya nje sokoni, na ndizi na nanasi zinazoshuka kutoka Kinole na Matombo huacha maganda na mikungu kila mahali. Mwenye pipa akipita Soko Kuu la Chifu Kingalu huyatazama mafungu hayo kwa jicho ambalo wenzake hawalielewi.

Nyama, mifupa na mafuta ya kukaangia havifai. Majivu kidogo yanaruhusiwa. Kokwa la embe litaingia, litazunguka msimu mzima, na litatoka likiwa na afya kuliko lilivyoingia.

Harufu ni sifa ambayo watu wengi huihesabu kuwa kasoro, na hapo ndipo pipa limeonewa zaidi. Likiwa sawa hunuka kama udongo baada ya mvua ya vuli. Likinyweshwa kupita kiasi, hewa hukosa njia, vijidudu visivyohitaji oksijeni hushika madaraka, na mtaa mzima hupata habari ya yai bovu. Likipewa nitrojeni bila maranda, hutoa amonia inayochoma pua kama banda la mbuzi lisilofagiliwa. Kila kosa lina harufu yake, na tiba ni ileile kwa kiasi kikubwa: kavu zaidi, kuzungusha zaidi. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 50 hadi 60, na kipimo chake ni kiganja. Konzi ikikamuliwa idondoshe tone moja au mawili. Ikitiririka, pipa limelewa. Vyombo vingine vya jikoni huficha makosa ya wenyewe kwa mifuniko na viungo. Pipa halijui unafiki. Nyumba inayomwaga ugali nusu sufuria kila usiku hutangazwa na pipa lake kabla mgeni hajafika barazani, wakati ndoo ya taka ingelitunza siri hiyo mpaka lori lipite.

Inasemwa pia kwamba pipa halipati moto. Ni kweli, na linastahili pongezi kwa unyenyekevu huo. Biwi la kawaida huanza kushika joto vizuri likifikia kama mita moja ya ujazo. Pipa la lita 200 ni sehemu ya tano tu ya kiasi hicho, na lazima libakizwe nafasi ili vitu viporomoke ndani, vinginevyo halichanganyi bali linabeba tu. Biwi kubwa hufika nyuzijoto 55 hadi 65, kiwango kinachoua mbegu za magugu na vimelea vingi vya maradhi. Pipa hupanda kwa siku chache, likazungushwa, likapoa, likasahau lilichokuwa linafanya. Hali ya hewa ya bondeni Morogoro hulisaidia kuliko baridi ya Nyandira kule mlimani, na plastiki ya rangi ya giza juani hukusanya joto kidogo. Lakini jua hilohilo hukausha, na pipa kavu hulala usingizi kamili. Likae chini ya mwembe, ambako jua la asubuhi hulifikia na la mchana halilifikii.

Kisha kuna madonge. Vitu vya majimaji vikizungushwa bila maranda ya kutosha hujiviringisha, na badala ya mboji hutoka mipira myeusi ya ukubwa wa chungwa, laini kwa nje, mibichi kabisa kwa ndani. Hakuna biwi duniani linaloweza kufanya hivyo. Tiba ni kufungua mlango na kuivunja kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, kazi inayomkutanisha msomi na maganda aliyoyatupa wiki tatu kabla.

Uzito nao una baraka zake. Lita 100 za mboji yenye unyevu ni kama mfuko mmoja wa saruji, na zikilala zote upande wa chini hukataa kupanda. Msukumo wa kwanza hushindwa. Wa pili hulifikisha pipa nusu ya njia, kisha hulirudisha kwa kasi kwenye goti la msukumaji. Zoezi hilo hufanywa mara mbili au tatu kwa wiki. Haishauriwi kulizungusha kila siku, kwa sababu joto hupotea, ingawa wageni wa pipa huwa hawawezi kujizuia mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu hulazimika kukumbushwa. Mlango ukisahauliwa wazi, zamu moja tu hutosha kurudisha kila kitu uani.

Kwa wanyama pipa ni ngome. Kuku hawalichakuri, panya hawaingii komeo likifungwa, na kunguru hubaki juu ya ukuta wakitoa maoni. Anayeingia ni inzi askari mweusi, ambaye hutaga karibu na matundu. Funza wake hula mabaki kwa kasi ya kutisha. Mwenye moyo mdogo hupiga kelele. Mwenye kuku huwakusanya funza hao na kuwapelekea kuku wake, na mayai hulipa gharama ya kupiga kelele. Kwa kuwa pipa haligusi ardhi, minyoo na vijidudu vya udongo haviwezi kujipandisha vyenyewe. Konzi mbili tatu za udongo wa bustani au za mboji iliyotangulia hutiwa mwanzoni kama mbegu.

Sifa za pipa zina mpaka, na mpaka huo ni mlima. Pipa la mviringo likikosa miguu imara kwenye mteremko wa Uluguru huwa na nia moja tu, nayo ni kufika Mto Ruvu. Ndiyo njia ya maji yote ya pande hizo, na ndiyo njia ya udongo pia. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko zaidi ya elfu moja katika eneo la Mgeta. Huko juu mboji hutengenezwa ndani ya shamba lenyewe. Wakulima wa Mgeta wana desturi ya zamani ya kulaza magugu kwa mstari kukingama mteremko na kuyafunika kwa udongo uliovutwa kutoka juu, vikatokea vidaraja vinavyooza na kurutubika palepale. Wamatengo wa Mbinga hufanya jambo la jamaa na hilo katika matuta yanayozunguka mashimo yao yaitwayo ngolo.

Serikali ya kikoloni haikuona hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, kazi iliyofukua udongo dhaifu wa chini na kuzika ule wenye rutuba. Mwaka 1955 watu waliandamana kuyapinga, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Wataalamu walikuwa wameipa ardhi umbo bila kuipa chakula. Pipa, kwa uchache, lingewanukia mapema kwamba mambo hayaendi sawa. Leo mafunzo ya mboji mlimani hutolewa kwa hiari. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoanzishwa Morogoro mwaka 2011 na lenye kituo cha mafunzo Vianzi, hufundisha wakulima biwi la tabaka, ambalo halina ekseli wala haliteremki.

Kwa hiyo pipa ni la wenye uwanja mdogo na jirani wa karibu: Kihonda, Mazimbu, Kilakala, Bigwa. Lina ada moja ya kimila isiyoepukika. Halikamilishi kazi likiwa bado linalishwa, kwani kila ganda jipya huirudisha safari mwanzo. Lazima lifungwe na kuachwa, na katika wiki hizo maganda ya nyumba hayana pa kwenda. Ndiyo maana mwenye pipa moja ni mtu anayeelekea kununua la pili, na kikao cha ndugu kuhusu maji hurejewa.

Mwishoni ujazo umepungua kwa nusu au zaidi. Pipa lililomeza taka za miezi hutoa ndoo chache, ambazo hukaa tena wiki kadhaa kivulini zikipevuka kabla ya kugusa mizizi ya mche. Mwaka 2022, mfuko wa kilo 50 wa yurea ulipopita shilingi 100,000 kabla ya ruzuku, ndoo hizo zilitazamwa kwa heshima isiyo ya kawaida. Si mbadala wa yurea kwa ekari ya mahindi. Kwa viroba vya mchicha na tuta la matembele nyuma ya jiko zinatosha, na hushika maji katika udongo wa kichanga vizuri kuliko mbolea yoyote ya mfuko. Na kwa kuwa pipa halikufika nyuzijoto 55, mbegu zilizopita ndani yake zimesamehewa zote. Anayepanda mchicha kwa mboji yake hupata mchicha, nyanya sita asizozipanda, boga linalopanda ukuta wa jirani, na mche wa mpapai katikati ya njia.