Muulize Shangazi Mantiki

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu siku hizi anarudi ananukia marashi. Mwanamume mwenye mchepuko hunukia marashi. Basi ndiyo yale yale. Nifungashe?*
Roho Juu, Tanga

Marahaba mwanangu. Shusha begi. Mvua ikinyesha ua hulowa, lakini ua uliolowa si ushahidi wa mvua. Huenda mtoto kapiga teke ndoo. Kosa hili Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alilieleza kwa mfano huo huo wa mvua. Akaongeza wa pili: watu wanaomwita mtu mzinzi kwa sababu tu anavaa vizuri na kutembea usiku. Unaona? Kesi yako ina miaka zaidi ya elfu mbili. Kabla ya kufunga zipu, jiulize marashi yanatoka wapi kwingine. Kinyozi wake humpaka nini?

*Shangazi, mkeka wangu umechanika wiki tisa mfululizo. Si zamu yangu imefika? Nimeuza redio niongeze dau.*
Mchana Mikeka, Mwanza

Mwanangu, tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, kigololi cha gurudumu la kamari kilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Kila kilipotua, watu walirundika pesa kwenye nyekundu wakisema sasa ni zamu yake. Walikwisha. Gurudumu halikumbuki lilikotua jana, na mkeka wa leo haujui kama ule wa juzi ulichanika. Piga hesabu: timu kumi, kila moja ikiwa na nafasi 7 kati ya 10 ya kushinda. Zote kushinda pamoja? Hazifiki nafasi 3 kati ya 100. Kairudishe redio.

*Shangazi, jirani mpya alihamia Jumatatu, Alhamisi kuku wangu sita wakafa. Mchawi si huyo?*
Mwenye Banda, Tabora

Likiwika lisiwike, kutakucha. Jogoo hutangulia jua, ila halileti. Jirani naye katangulia vifo. Hilo peke yake halitoshi. Kuku wa majirani wengine wakoje? Wa kwako walikuwa wanazubaa, wanaharisha kijani, shingo zimepinda? Hizo ni dalili za mdondo, na chanjo yake ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Mwite bwana mifugo kwanza. Kisha mpelekee jirani mayai, kama umebakiwa na kuku wa kutaga.