Bora Mgomba

Usiku wa kuamkia Januari mosi sote huwa mawalii. Simu zinafurika njiwa weupe, haki, uvumilivu na undugu, na ujumbe wenyewe umesambazwa vilevile, jina la ukoo la aliyeutunga bado limening'inia chini. Tarehe mbili, aliyeutuma anapandisha kodi ya nyumba.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, hawana unafiki huo. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa huko, ukifika mwezi wa Julai, wanaume wa pande mbili za mji hushika mashina ya migomba wakatandikana mchana kweupe, kinyongo cha mwaka mzima kikatoka pamoja na jasho. Wanawake, wamejipamba hasa, wanapita wakiimba na kurushiana vijembe. Kibanda cha makuti kinachomwa moto, aliyemo anachomoka mbio, halafu watu wanakwenda kula. Na kila nyumba sharti iwe na mgeni. Kumkosa ndiyo nuksi.

Waheshimiwa wetu, kwa kuwa wamestaarabika, huwekeana saini. Zanzibar hiyo hiyo imepata muafaka wa vyama vya siasa 1999, mwingine 2001, na maridhiano 2010. Mikono ilishikwa, tabasamu likapigwa picha, na uchaguzi ulipokaribia watu wakaanza tena kuulizana nani mwenyeji zaidi.

Nashauri kikao kijacho cha muafaka kihamishwe hotelini, kipelekwe uwanjani Makunduchi. Kila mjumbe akabidhiwe gomba lake, bichi, lenye maji. Wasemaji wa vyama wabaki nyumbani. Posho hakuna, ila pilau lipo.